Nyoka wa porini ukimkamata akatulia mkononi, ndo ameshakuzoea?

MkaziChanika

Habari za jioni wakuu, natumai wazima. Nina swali limenikaa kichwani nikaona niliweke hapa maana humu kuna kila aina ya mtu.

Naishi Chanika kule mwisho mwisho, ukitoka kwetu ukatembea kidogo unaanza kuona miti ya msitu wa Kazimzumbwi, kwaiyo nyoka kwetu sio habari ya kushangaza, mvua zikianza tu wanaingia uani, bandani kwa kuku, mpaka chooni. Sasa kuna mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kaja kukaa kwangu anasubiri matokeo, na huyu dogo kazi yake kutwa ni kuangalia video za wazungu wanaokamata nyoka kwa mikono. Majuzi usiku kuku wakapiga kelele, akatoka na tochi ya simu, akarudi na nyoka mkononi! Wa kahawia, anakaribia mita moja hivi.

Pale mwanzo alimng'ata dogo mara kadhaa, vitundu vidogo damu ikachuruzika, akajinyonganyonga na kumnyea kitu kinanuka balaa, nyumba nzima tukahamia nje. Ila cha ajabu baada ya muda akatulia tuli, akajizungusha kwenye mkono anatoa ulimi tu. Dogo akasema si unaona kaka, ameshanizoea. Tangu siku hiyo yuko kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko uliotobolewa, kila jioni anatolewa anachezewa, watoto wa jirani wanajaa uani, na kweli hang'ati tena.

Sasa dogo kapata kichwa, anataka kumshusha yule wa kijani anayekaaga kwenye mwembe. Bi mkubwa naye kaapa hiyo ndoo isipoondoka ataimwagia mafuta ya taa.

Naomba kujua, nyoka wa porini kweli anaweza kumzoea mtu ndani ya dakika kumi? Na huyo wa kijani akikamatwa atafanya hivohivo, ang'ate kidogo alafu apoe? Nisaidieni kabla sijaitwa kikao cha ukoo kujieleza.

PangaKwanza

Mimi kwangu nyoka hana mjadala mkuu. Panga kwanza, kabila lake tutauliza akishakufa. Bi mkubwa ndo mwenye akili hapo kwenu.

shemeji_wa_Mbezi

Hahaha dogo anasubiri matokeo ya mtihani au ya vipimo? Ngoja nikae hapa kusubiri wajuzi.

Ndoano

Mleta mada, nimetunza nyoka kwenye bustani ya maonyesho miaka mingi na mpaka leo watu wananiita majumbani, Mbweni, Bunju, Goba, Kigamboni huko, kwaiyo vumilia nitaandika kirefu.

Kwa maelezo yako huyo wa kwenye ndoo nadhani ni nyoka wa nyumba. Mwangalie kichwani kwa mbali, akiwa na mistari ya rangi ya maziwa kila upande, mmoja unaanzia puani unapita kwenye jicho, basi ndo mwenyewe. Huyo hana sumu, anakula panya, na bandani kwako alifata panya wanaofata pumba. Kama hana hiyo mistari sisemi kitu, na dogo asimshike tena.

Sasa nije kwenye swali. Nyoka akidakwa na kitu kikubwa kuliko yeye anajua jambo moja tu, kwamba analiwa. Hajui habari ya video. Kwaiyo anatumia alichonacho kwa mpangilio wake, kwanza anakimbia, akikosa njia anajivimbisha au anafoka kukutisha, ukimshika ndo anang'ata, anajisokota, anatoa mavi na ule uchafu wa tezi za mkiani ili umuone hafai kuliwa. Yote yakigoma anatulia. Nyoka hana pumzi ya kupigana muda mrefu, misuli yake inachoka haraka mno ukilinganisha na mnyama mwenye damu moto, kwaiyo zile dakika kumi za dogo ni muda wa mnyama kuishiwa nguvu. Wataalamu wamewapima damu nyoka waliotoka kukamatwa wakakuta homoni ya msongo imepanda, wakati ukimtazama kwa nje unasema kapoa kabisa.

Hapa lakini nimtendee dogo haki, hajakosea kila kitu. Nyoka anajifunza. Kuna vitoto vya nyoka wa Marekani wanaitwa Thamnophis, watafiti waliwasumbuasumbua kwa kidole siku baada ya siku bila kuwaumiza na wengi wakapunguza kurusha mdomo. Ila sio wote, wengine waliendelea kung'ata tu. Kwaiyo wa kwenye ndoo yawezekana ameshajua mkono wa dogo hauli nyoka. Hiyo ni tofauti na kumpenda, na haina maana kesho akishtuka, au mkono ukiwa na harufu ya panya au kifaranga, hatorusha mdomo.

Tena kuna kitu watu hawakijui, nyoka hata yule mwenye sifa ya ukorofi hakimbilii kung'ata. Gibbons na Dorcas, hawa ni wataalamu wa Marekani, mwaka 2002 walitoa utafiti wa nyoka wa majini wa kule mwenye sumu kali na jina baya kabisa, walikuwa wanawaokota porini kwa mkono wa bandia, kati ya 36 waliookotwa ni 13 tu waliong'ata. Wengi walijaribu kukimbia au kutisha tu. Ukisoma hivo unaweza kusema kumbe nyoka wanaonewa, na kweli wanaonewa. Ila sasa jiulize, 13 kwa 36 ndo bahati nasibu unayotaka kumchezesha dogo?

Kingine, kila aina ina vituko vyake ukiishika, na hapa ndo video zinapoua watu, maana mtu anajifunza kwa nyoka mmoja anaenda kufanyia mazoezi kwa mwingine. Kuna wale wembamba wenye mistari mirefu mgongoni wanaokatiza barabara mchana kwa spidi, huyo ukimshika mkia anazunguka mwili mzima mpaka mkia unakatika anakuachia kipande, na hauoti tena, sio mjusi huyo. Kuna mla mayai, hana meno ya maana wala sumu, lakini ni msanii, anajikunja anasugua magamba yake yanalia kama mafuta kwenye kikaango cha chipsi, alafu anakuachamia mdomo mweusi, utakimbia mwenyewe. Swila naye, yule kobra anayetema mate, usidhani lazima asimame kwanza ndo ateme, anaweza kutema akiwa amelala chini, na mara nyingine anajifanya kafa kabisa, ukimgusa uso umekwisha. Kifutu ndo mvivu wa kukimbia, anategemea usimuone, unamkanyaga ndo anajibu, na akijibu huoni mkono umeondokaje.

Ila ninayemuogopa kuliko wote kwa vijana kama dogo ni kale kadogo keusi kanakochimbuka ardhini usiku mvua zikinyesha. Kafupi, kichwa hakijulikani kimeanzia wapi, kanang'aa, kanaonekana hakana madhara. Video zote zinakwambia mshike nyuma ya kichwa, si ndio? Huyu ukimshika nyuma ya kichwa ndo umemrahisishia kazi. Meno yake ya sumu ni marefu na yanatokea pembeni ya mdomo hata ukiwa umefungwa, anageuza kichwa kidogo anakuchoma kidole kwa jino moja. Hakuna namna salama ya kumshika kwa mkono. Dawa ya hospitali ya sumu za nyoka haimhusu, unatibiwa maumivu na kidonda, na kuna watu wamepoteza nyama ya kidole kwa huyo.

Wa kijani nasubiri maelezo. Macho yake yakoje, makubwa au madogo? Mwangalie ukiwa chini, usipande.

Ng'wana_Magu

Mkuu Ndoano umeongea vizuri ila hapo kwenye kutozoea nakupinga kidogo. Mimi ni Msukuma wa Magu, kwetu kuna Bayeye, hao ni watu wa nyoka toka enzi na enzi, nenda kwenye sherehe za ngoma za Bulabo pale Bujora uone chatu wanavyobebwa shingoni, mtu anacheza naye ngoma mbele ya umati na ngoma zinapigwa mpaka ardhi inatetemeka, chatu katulia. Wana dawa zao za kuchanja. Sasa huyo naye kaishiwa pumzi?

Ndoano

Ng'wana, Bayeye nawaheshimu sana, ile ni elimu na nimejifunza vitu kutoka kwao. Angalia lakini wanavyomshika chatu. Uzito wote umebebwa, mabega na mikono miwili, hakuna anayemning'iniza kwa mkia wala kumkaba shingo. Nyoka mzito akining'inia uti wake unaumia na anahangaika kwa sababu anahisi anaanguka, ukimbeba mwili mzima anapunguza fujo. Huo ni ujuzi wa mikono. Alafu ngoma kwa nyoka sio kama kwako wewe, hana sikio la nje, anachopata zaidi ni mtetemo, kwaiyo hajatulizwa na muziki.

Chatu wa porini aliyekamatwa leo ni kitu kingine, anang'ata vizuri tu, hana sumu lakini meno yamepinda kuelekea ndani, ukivuta mkono unachanika mwenyewe. Na kama ametoka kula ukimsumbua anatapika mlo mzima.

Kuhusu chanjo sitaki kubishana na imani ya mtu. Naongeza mawili tu. Nyoka mwenye sumu mara nyingine anang'ata bila kumwaga sumu, aliyeng'atwa hivo angepona hata angekunywa chai, na sifa zinaenda kwa dawa. Na wale wa mitaani, sisemi Bayeye, wanaong'oa kobra meno ili wakusanye hela kwenye maonyesho, meno ya sumu yana akiba nyuma yake, yanaota mengine. Siku yakiota hakuna anayetangaziwa.

MwanaNewala

Hii mada imenikumbusha hadithi za kwetu kusini za Bwana Nyoka. Ionides, Mwingereza aliyekuwa bwana nyama Liwale kabla ya uhuru akaja kukaa Newala, kazi yake ilikuwa kukamata nyoka na kuwasafirisha nje. Alikamata maelfu, na wale wa kijani wenyewe hasa, mamba wa kijani, kwetu wanapenda mikorosho na miembe sana, alikuwa anawashusha kwa mti mrefu wenye makoleo mbele. Na pamoja na uzoefu wote huo aling'atwa mara kadhaa. Sasa mtu kama yule anatumia mti mrefu, dogo wa Chanika anataka kutumia mkono?

PangaKwanza

Ndo maana nikasema panga. Kichwa ukikitenganisha na mwili mjadala umeisha.

dada_wodini

PangaKwanza hapana ndugu yangu, na hapo ndo haujaisha. Kichwa kilichokatwa kinaweza kung'ata bado, kwa muda mzuri tu, mishipa inafanya kazi yenyewe bila mwili. Watu wanakiokota waonyeshe watoto, au wanakisukuma kwa kidole. Na mwingine anang'atwa kabla panga halijafika, maana amemfata nyoka aliyekuwa anaondoka zake.

Mimi ni nesi, nimefanya zamu nyingi za dharura, acha niseme mambo yangu haraka kwa sababu naona hapa kuna mtu atapanda mwembe muda wowote. Mtu aking'atwa mtoeni eneo hilo, mkalisheni, asitembetembe, mvueni pete, bangili, saa na viatu vya kubana kabla hajavimba, mguu au mkono usichezwe ufungwe na ubao kama aliyevunjika, na mwende hospitali yenye dawa, piga simu kwanza uulize kama ipo maana vituo vingi haipo. Msimfunge kamba ya kukata damu, msimchanje na wembe, msimnyonye. Na lile jiwe jeusi la nyoka ambalo kila nyumba ya mzee linalo kabatini, najua mtanishambulia, lakini halinyonyi sumu yoyote, linanyonya muda wa mgonjwa. Wanafika kwetu jiwe limegandia kwenye kidonda na ulimi umeshakuwa mzito.

Mkitemewa machoni ni maji safi mengi, robo saa au zaidi, macho wazi chini ya bomba linalotiririka taratibu, usifikiche, alafu mje. Nyoka msimlete, wala msihangaike kumuua, picha ya simu kwa mbali inatosha.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 liliingiza kung'atwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na ukweli wengi tunaowapokea ni wakulima na watoto waliokanyaga bila kuona. Hao nawaonea huruma. Anayemfata nyoka juu ya mti namhudumia pia, ila nikimaliza zamu nasonya.

shemeji_wa_Mbezi

"linanyonya muda wa mgonjwa" 😂😂 dada umemaliza

MkaziChanika

Wakuu nawashukuru sana, sikutegemea nondo zote hizi. Ndoano, wa kwenye ndoo ile mistari anayo, tumemmulika na tochi, umepatia.

Huyu wa kijani nimemtazama leo asubuhi nikiwa dirishani, alikuwa amejinyoosha kwenye tawi. Kijani kibichi, magamba yake yana rangi nyeusi pembeni pembeni, kichwa kifupi kama kimebutuliwa, na jicho kubwa kinoma, kubwa sio la kawaida. Dogo alimrushia kijiti kidogo (nimemfokea), yule nyoka hakukimbia wala kufoka, alivimbisha shingo ikawa nene hivi akabaki kimya. Dogo anasema huyo ndo mpole kuliko hata wa kahawia, na amesoma mahali kwamba wa kijani wengi hawana sumu.

Ndoano

Mkuu, mwite dogo hapo asome na yeye.

Wa kijani Dar wako wa aina tatu nne na watu wanawachanganya kila siku. Kuna wembamba wa vichakani, hawa hawana sumu na ndo wengi, lakini ukiwashika wanang'ata papo hapo tena mara nyingi, na wao pia wanavimbisha shingo kidogo. Kuna mamba wa kijani, jicho dogo, kichwa kirefu, aibu nyingi, ukimkaribia anapanda juu zaidi, na sumu yake inaua. Alafu kuna huyo unayemueleza, jicho kubwa, kichwa kifupi, shingo inavimba. Kwa picha ya maneno siapi, ila mimi ningekuja hapo nikiamini ni yule wanaomuita boomslang mpaka nithibitishe vingine.

Sasa ona ulivyo mtego. Asiye na sumu anang'ata haraka, huyu mwenye sumu ya kuua ni mpole mno. Meno yake ya sumu yako nyuma kidogo mdomoni, sio mtu wa kurukia, anaweza kushikwa na kubebwa bila kufanya lolote. Mtu akimpima kwa ukali anapata jibu la kinyume kabisa.

Na akishang'ata haumi sana, ndo ubaya wake wa pili. Unakula chakula cha usiku vizuri. Sumu inaharibu damu isigande, masaa yanapita ndo fizi zinaanza kutoka damu, mkojo unabadilika. Karl Schmidt alikuwa bingwa wa nyoka kwenye jumba la makumbusho Chicago, Septemba 1957 aliletewa mtoto wa nyoka huyu amtambue, akamshika, akang'atwa kidole gumba, jino moja tu liliingia na kwa kina kidogo mno. Akaona ni kitu kidogo hakutaka matibabu, akawa anaandika tu anavyojisikia, akarudi nyumbani na treni, kesho yake mchana amekufa. Mwingine Robert Mertens, Mjerumani, mwaka 1975 aling'atwa na ndugu yake wa karibu, yule mwembamba wa rangi ya kijiti kikavu, naye tunaye huku pwani, akafa baada ya siku 18, na huyo wa kijiti mpaka leo hana dawa yake. Boomslang anayo lakini ni ya peke yake, inatengenezwa Afrika Kusini, ile ya kawaida ya nyoka wengi haimfanyi kitu. Hao wawili walikuwa wanajua nyoka kuliko mimi, dogo na YouTube nzima.

Kwaiyo huyo muache. Hashuki kutafuta mtu, chakula chake ni vinyonga, ndege na vifaranga vya ndege kwenye viota, mchana anawinda, akimaliza anahama mti. Ukitaka asije karibu na nyumba kata matawi yote yanayogusa bati, ukate siku ambayo mmemuona yuko mbali au mmehakikisha hayupo. Akiingia ndani kabisa mfungieni chumba, ziba chini ya mlango na nguo, piga 114 Zimamoto au mtafute mtu wa wanyamapori.

Wa kwenye ndoo mrudisheni leo. Kumfuga mnyama wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, na mbali na sheria, ndoo ya rangi juani Chanika inamchemsha. Muachieni jioni kulekule nyuma ya banda, ataendelea na panya wako bure. Dogo akitaka kweli hii kazi aje nimuonyeshe kushika ndoano ya kukamatia nyoka, tutaanza na mwaka wa kutogusa chochote.

MkaziChanika

Dogo kasoma yote, kanyamaza, kauliza tu kama Schmidt alikuwa na glavu. Bi mkubwa amesimamia mwenyewe ndoo ikimwagwa nyuma ya banda, nyoka kapita chini ya matofali hata hakuaga.

Mkuu Ndoano namba nakuomba PM. Na kama kuna mtu humu anafanya kazi ya kukata matawi maeneo ya Chanika, Msongola au Mvuti anitafute, awe na ngazi yake.

PangaKwanza

Panga ninalo. Ngazi sina.